Shajara ya mradi: grelini na mzunguko wa damu katika moyo dhaifu

Februari. Swali na mipaka yake

Mradi huu unachambua majaribio yaliyokwisha kuchapishwa; hakuna mgonjwa tunayempa dawa, wala hatuna maabara ya kutengeneza homoni. Tunakusanya tafiti ambamo watu wenye moyo dhaifu, yaani moyo ulioshindwa kusukuma damu ya kutosha, walitiwa grelini, homoni itokayo tumboni, kwa njia ya mshipa, tunaziweka namba zake katika jedwali moja, kisha tunaziuliza swali moja tu: damu inayosukumwa na moyo inapoongezeka baada ya homoni hiyo kuingia mwilini, je, msuli wa moyo umepata nguvu, au mishipa imelegea na moyo ukapunguziwa mzigo? Matunda yake yatakuwa mapitio ya Kiswahili kwa ajili ya madaktari walio masomoni na wauguzi wa wodi za moyo, pamoja na kielelezo kidogo cha hesabu ambacho msomaji ataweza kukifungua kwenye kompyuta yake na kubadilisha namba mwenyewe.

Swali hili si la kujifurahisha. Historia ya tiba ya moyo dhaifu ina dawa kadhaa zilizoongeza pato la moyo, yaani kiasi cha damu ambacho moyo unasukuma kwa dakika moja, zikamfurahisha daktari kando ya kitanda, kisha zikamfupishia mgonjwa maisha. Vidonge vya milrinone, katika jaribio la PROMISE lililochapishwa mwaka 1991 likiwa na wagonjwa 1,088, viliongeza vifo kwa asilimia 28 kuliko plasebo, yaani kidonge kisicho na dawa. Dawa hiyo hulegeza mishipa na wakati huohuo huongeza kalsiamu inayozunguka ndani ya seli za msuli wa moyo, na seli iliyosheheni kalsiamu hudai oksijeni zaidi na mapigo yake huvurugika kwa urahisi. Kwa hiyo mtu akitangaza homoni inayoongeza pato la moyo, ni lazima aulizwe kwanza inafanya hivyo kwa njia gani, kisha kwa gharama gani.

Kuhusu homoni yenyewe nitaandika kwa ufupi. Masayasu Kojima na Kenji Kangawa waliitambua mwaka 1999 nchini Japani, wakiitoa katika tumbo la panya. Ni mnyororo wa asidi amino 28, na ile ya tatu, serini, imebandikwa asidi ya mafuta yenye kaboni nane. Kibandiko hicho kikitoka, kipokezi chake kikuu hakiitambui tena. Kiwango chake katika damu hupanda kabla ya mlo na kushuka baada ya kula, ndiyo maana watu wengi wanaifahamu kama homoni ya njaa. Pia huichochea tezi ya pituitari kutoa homoni ya ukuaji, na hapo ndipo madaktari wa moyo walipoanza kuitazama.

Machi. Majaribio ya Japani

Jedwali limeanza kujaa. Safu zake za mwanzo zinatokana na kazi za Noritoshi Nagaya na wenzake katika kituo cha taifa cha magonjwa ya moyo na mishipa cha Osaka. Mwaka 2001 walichapisha jaribio la wagonjwa 12 wenye moyo dhaifu wa muda mrefu, waliopewa grelini kwa kipimo cha mikrogramu 0.1 kwa kila kilo ya mwili kwa dakika, kwa muda wa saa moja. Pato la moyo likigawanywa kwa eneo la ngozi ya mwili liliongezeka kwa asilimia 25. Damu inayotoka kwa kila pigo iliongezeka kwa asilimia 30. Shinikizo la wastani la ateri lilishuka. Idadi ya mapigo haikubadilika kwa kiasi cha maana.

Jambo hilo la mwisho linastahili kutazamwa kwa makini. Shinikizo la damu linaposhuka, mwili wenye afya hujibu kwa kuharakisha mapigo, kwa sababu vipokezi vya shinikizo vilivyo shingoni na kifuani hupeleka habari kwenye ubongo, na ubongo huamsha neva za simpathetiki, zile zinazoharakisha moyo na kukaza mishipa. Dawa za kawaida za kulegeza mishipa hukutana na jibu hilo. Hapa halikuonekana, jambo linaloashiria kwamba homoni ilizituliza pia neva zinazopaswa kujibu. Jaribio la pili la kundi hilohilo, la mwaka 2004, linaelekea upande huo: wagonjwa 10 walipewa mikrogramu 2 kwa kila kilo, mara mbili kwa siku, kwa wiki tatu, na noradrenalini, kemikali inayotolewa na neva hizo, katika damu yao ilishuka kutoka pikogramu 1,132 hadi 655 kwa mililita, huku asilimia ya damu ambayo ventrikali ya kushoto, chumba cha moyo kinachosukuma damu mwilini, huitoa kwa kila pigo ikipanda kutoka 27 hadi 31. Uwezo wao wa kufanya mazoezi uliongezeka pia.

Mwenzangu, ambaye kazi yake ya kila siku ni kupiga eko, picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, alitaka jaribio la 2004 lipewe uzito mkubwa kuliko mengine kwa kuwa ndilo pekee lililodumu kwa wiki kadhaa. Nimekataa. Halikuwa na mgawanyo wa bahati nasibu kati ya dawa na plasebo, na mgonjwa wa moyo dhaifu anayelala wodini kwa wiki tatu, akila chakula chenye chumvi kidogo na kumeza dawa zake kwa wakati, anaweza kupata nafuu hata bila homoni yoyote. Tumekubaliana liwe katika jedwali, lakini namba zake zisiingizwe kwenye kielelezo.

Aprili. Pato linavyopimwa

Kabla ya kuendelea na hesabu ilibidi tukubaliane jinsi ya kuzisoma namba zinazotokana na vyombo mbalimbali, kwa maana namba moja ya pato la moyo inaweza kuwa imepatikana kwa mrija uliopitishwa kwenye vena hadi kwenye ateri ya mapafu, na nyingine kwa eko iliyopigwa juu ya kifua. Njia ya eko ndiyo itakayokuwa mikononi mwa wasomaji wetu wengi, kwa hiyo nimeiandikia sehemu ndefu katika mapitio.

Mpimaji huanza kwa kupima kipenyo cha njia inayotoka ventrikali ya kushoto, chini kidogo ya vali ya aorta. Kisha, kwa mawimbi ya Dopla, hupima umbali ambao safu ya damu husafiri katika njia hiyo kwa pigo moja. Eneo la duara likizidishwa kwa umbali hutoa mililita za pigo. Kipenyo kikiwa sentimita 2.0 na umbali sentimita 18, pigo ni mililita 56.5. Sasa mpimaji mwingine aweke alama zake milimita 2 nje zaidi, asome sentimita 2.2, na pigo lilelile la mgonjwa yuleyule litakuwa mililita 68.4. Hiyo ni nyongeza ya asilimia 21 iliyotokana na kidole kwenye kitufe, na iko karibu sana na ukubwa wa athari tunayoitafuta.

Dawa ya tatizo hilo inajulikana na ni rahisi: kipenyo kipimwe mara moja mwanzoni, namba hiyohiyo itumike katika vipimo vyote vya mgonjwa huyo, na umbali peke yake ndio uachwe ubadilike. Kosa la kipenyo litabaki, lakini litakuwa sawa kabla ya homoni na baada yake, na tofauti kwa asilimia haitaguswa. Tumeweka safu katika jedwali inayosema kama kila utafiti ulimlinganisha mgonjwa na yeye mwenyewe. Ulinganisho wa watu na watu, katika vikundi vidogo hivi, siuamini.

Mei. Jaribio la Stockholm na kielelezo

Hapa ndipo mradi ulipopata nyama. Mwaka 2023 Lars Lund, Camilla Hage na wenzao wa Taasisi ya Karolinska, Stockholm, walichapisha jaribio la wagonjwa wapatao 30 wenye moyo dhaifu unaotoa asilimia ndogo ya damu kwa kila pigo, waliogawanywa kwa bahati nasibu kupata grelini yenye kibandiko chake au plasebo, kwa saa mbili, kwa kipimo kilekile cha mikrogramu 0.1. Waliopata homoni, pato lao lilipanda kutoka lita 4.08 hadi 5.23 kwa dakika, yaani asilimia 28. Waliopata plasebo walitoka lita 4.26 hadi 4.11. Mapigo yalipungua kidogo, kutoka 71 hadi 67 kwa dakika. Hakukuwa na athari kwa shinikizo la damu, wala kwa mdundo wa moyo.

Ikiwa pato limepanda hivyo na shinikizo limebaki palepale, ukinzani wa mishipa lazima uwe umeshuka kwa takriban asilimia 22. Hilo ni zao la hesabu ya kugawanya na halihitaji kipimo cha ziada. Msomaji wa haraka atafunga jalada hapo na kusema homoni hii ni ya mishipa. Ataungwa mkono na kazi ya Wiley na Davenport wa Cambridge, ya mwaka 2002, iliyoonyesha kwamba grelini hulegeza ateri ya kifua ya binadamu iliyokazwa kwa endothelini, kemikali ambayo wagonjwa wa moyo dhaifu wanayo kwa wingi. Lakini kushuka kwa ukinzani kunaweza pia kuwa matokeo: moyo ukisukuma vizuri zaidi, neva za simpathetiki hupunguza kelele, na mishipa hujilegeza yenyewe.

Kielelezo chetu kilitengenezwa kwa ajili ya fundo hili. Kina vitu vitatu: ugumu wa ventrikali mwishoni mwa kukaza, ambao ni kipimo cha nguvu ya msuli, mzigo wa ateri, na ujazo wa ventrikali kabla ya pigo. Nimegawanya wastani wa pato kwa wastani wa mapigo, nikapata pigo la mililita 57.5 kabla na 78 baada, nikijua kwamba kugawanya wastani kwa wastani hakutoi wastani wa kweli wa kila mgonjwa, ila kunatosha kuonyesha mwelekeo. Shinikizo la mwisho wa kukaza nimeliweka 100 na ugumu wa ventrikali 0.8, namba za kufundishia ambazo hazitokani na jaribio lenyewe.

Tukiruhusu mishipa peke yake ibadilike, pigo la mililita 78 linapatikana, lakini shinikizo linaanguka kutoka 100 hadi 84. Tukiruhusu nguvu ya msuli peke yake ibadilike, pigo linapatikana, lakini shinikizo linapanda hadi 136. Ili shinikizo libaki 100, kama Stockholm ilivyoripoti, nguvu ya msuli lazima ipande kwa karibu asilimia 20 na mzigo wa ateri ushuke kwa karibu asilimia 26, vyote kwa pamoja. Ukibadilisha namba zangu za kuanzia, asilimia hizo zitasogea. Mwelekeo hautasogea, kwa sababu ventrikali inayobaki na damu kidogo zaidi mwishoni mwa pigo, chini ya shinikizo lilelile, haiwezi kuwa na msuli dhaifu kama ule wa mwanzo.

Upo mlango mmoja uliobaki wazi, nao ni ujazo. Ernest Starling, ambaye pamoja na William Bayliss aligundua sekretini ya utumbo mwembamba mjini London mwaka 1902, na ambaye mwaka 1905 ndiye aliyelitumia neno homoni hadharani kwa mara ya kwanza, ndiye pia aliyetuachia kanuni kwamba moyo uliojaa zaidi hupiga kwa nguvu zaidi. Inapendeza kwamba mtu mmoja alisimama kwenye ncha zote mbili za mradi wetu. Katika kielelezo, shinikizo likibaki 100 na ventrikali ikipokea mililita 20 na ushei za ziada kabla ya kila pigo, pigo linafika 78 bila msuli kubadilika hata kidogo. Mapigo yaliyopungua yanatoa muda mrefu zaidi wa kujaa, kwa hiyo uwezekano huo si wa kubeza. Kinachoupunguzia nguvu ni kwamba asilimia ya damu inayotolewa na kipimo cha kufupika kwa ukuta wa ventrikali vilielekea kupanda, ingawa si kwa uhakika wa kitakwimu.

Nimeandika pembeni pia suala la ufumbo, yaani mgonjwa kutojua kama amepewa homoni au plasebo. Grelini huleta njaa, na mgonjwa ambaye tumbo linaanza kunguruma katikati ya dripu anaweza kukisia alichowekewa. Pato la moyo halisukumwi kirahisi na matumaini, lakini wasiwasi unaoisha huweza kupunguza mapigo mawili matatu.

Juni. Kalsiamu na troponini

Watafiti wa Stockholm hawakuishia kitandani. Walichukua seli za moyo wa panya wadogo, wakazitia grelini, wakaziona zikifupika zaidi kila zinapokaza, na huku kiasi cha kalsiamu kinachopanda na kushuka ndani yake hakikubadilika. Kilichobadilika ni fosfati iliyobandikwa kwenye troponini I, ile protini inayoshika breki ya msuli: ilipungua. Dawa inayozuia kipokezi cha grelini ilipowekwa, mabadiliko yote mawili yalitoweka. Maana yake ni kwamba kalsiamu ileile ilifanya kazi kubwa zaidi, kwa kuwa nyuzi za msuli zilikuwa nyepesi kuisikia.

Hili ndilo linaloitofautisha grelini na milrinone, na ndilo linalowapa watu matumaini. Mimi nina shaka mbili. Ya kwanza ni kwamba fosfati ya troponini I haipo pale bure. Wakati wa mbio au hofu, kimeng'enya kinachoamshwa na adrenalini huibandika ili kalsiamu iachiliwe haraka na moyo ulegee kwa wakati, na bila hiyo kujaa kunaweza kuchelewa. Ya pili ni nzito zaidi. Tafiti za vipande vya moyo wa binadamu zilizofanywa tangu miaka ya 1990 zimeonyesha mara kwa mara kwamba moyo ulioshindwa tayari una fosfati kidogo kwenye troponini I kuliko moyo wenye afya. Ikiwa akiba imekwisha kupungua, homoni inapunguza nini tena? Huenda bado kuna cha kupunguza, au huenda katika moyo wa binadamu mgonjwa njia ni nyingine. Seli za panya haziwezi kulijibu hilo, na nimeiomba sehemu hii ya mapitio iandikwe kwa lugha ya tahadhari.

Wenye kutafuta njia fupi huuliza kuhusu vidonge, kwa kuwa grelini yenyewe haidumu katika damu na inahitaji dripu. Anamorelin, kidonge kinachoamsha kipokezi hichohicho, kiliidhinishwa Japani mwaka 2021 kwa wagonjwa wa saratani wanaokonda, lakini maelekezo yake yanakataza kupewa mtu mwenye moyo ulioshindwa, kwa sababu kinaweza kukwamisha mwendo wa umeme ndani ya moyo. Kipokezi kimoja, basi, hakitoshi kutabiri dawa itafanya nini. Kila molekuli hubeba tabia zake za pembeni.

Julai. Wagonjwa wa Muhimbili

Wasomaji wetu hawatakutana na wagonjwa wa Stockholm. Watakutana na watu kama wale wa utafiti wa TaHeF, uliofanywa Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2014 na Abel Makubi na wenzake, ambao Lund na Hage wa jaribio la grelini ni miongoni mwao. Kati ya wagonjwa 427, wenye wastani wa umri wa miaka 55, chanzo kilikuwa shinikizo la juu la damu kwa asilimia 45, ugonjwa wa msuli wa moyo wenyewe kwa asilimia 28, athari za homa ya baridi yabisi kwenye vali kwa asilimia 12, na kuziba kwa mishipa ya moyo kwa asilimia 9 tu.

Kwa kundi la pili, lile la msuli, kielelezo kinatumika kama kilivyo. Kwa kundi la kwanza kinahitaji kugawanywa, kwa kuwa moyo uliozidiwa na shinikizo unaweza kuwa mnene na mgumu, ukitoa damu kwa asilimia ya kawaida lakini ukishindwa kujaa. Hapo kuongeza usikivu kwa kalsiamu kunaweza kuwa kumkaza aliyekwisha kukazwa. Majaribio yote niliyoyataja yaliwahusu wenye moyo unaosukuma kidogo, na mapitio yatasema hivyo katika ukurasa wa kwanza badala ya kulificha mwishoni.

Kundi la vali ndilo lililotuchukua muda mrefu zaidi mwezi huu. Katika vali ya mitrali iliyobana, ile iliyo kati ya atriamu, chumba cha juu kinachopokea damu kutoka mapafuni, na ventrikali ya kushoto, tofauti ya shinikizo kati ya vyumba hivyo viwili huongezeka kwa mraba wa mtiririko. Mtiririko ukiongezeka kwa asilimia 28, na muda wa kujaa ukibaki uleule, tofauti hiyo huongezeka kwa asilimia 64: mgonjwa aliyekuwa na milimita 10 za zebaki atakuwa na zaidi ya 16, na zote zinarudi nyuma kwenye mapafu. Mapigo yakishuka kutoka 71 hadi 67 kujaa kunapata nafasi kidogo, na kwa wengi wa wagonjwa hawa pato halitafika huko kwa sababu mlango wenyewe ndio unaokataa, si msuli ulio mbele yake. Tumeongeza kitufe cha vali katika kielelezo. Kikibonyezwa, safu ya shinikizo la mapafu inawaka nyekundu kabla safu ya pato haijasogea, na mwenzangu sasa anapitia picha za mafunzo za eko ili tuchague eneo la vali ambalo chini yake kielelezo kitakataa kabisa kutoa jibu.